Pointi zinalala benchi kila wiki, shemeji anazidi kuniacha

Kaka shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 29, nipo Morogoro, nina kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa pesa. Shida yangu ni Fantasy, ile Fantasy Premier League, mchezo wa simu unaochagua wachezaji wa ligi ya Uingereza na wanachofanya uwanjani kinakupa pointi, ila ukimweka mtu benchi pointi zake hazihesabiwi. Najua watu wanakuandikia mambo ya ndoa na mirathi ila mi hili linaninyima usingizi kweli, juzi mume wangu kanikuta saa nane usiku niko kwenye simu nabadilisha kikosi akadhani nachati na mtu, ikabidi nimuonyeshe.

Iko hivi. Tuko watu 14 kwenye ligi yetu, majirani na ndugu, kila mtu alitoa elfu 20 mwezi wa nane, mwisho wa msimu wa kwanza anachukua laki 2 na wa pili elfu 80. Mwanamke ni mimi peke yangu. Zimebaki gemuwiki 6, yaani raundi 6 za mechi, niko wa pili, anayeongoza ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kaniacha pointi 30. Na hizo 30 zinaniuma sababu najua zilipo, ziko benchi kwangu!

Nikupe mfano. Nina beki mmoja wa kati, nilimweka benchi sababu alikuwa ugenini, akafunga na goli hawakufungwa, pointi 15 zikalala. Wiki iliyofuata nikasema sirudii ujinga, nikamwanzisha, wakapigwa mbili akaondoka na pointi 1, halafu straika niliyemtoa ili beki apate nafasi akafunga mawili, 13 hizo zikalala tena. Kila wiki ni hivyo hivyo, nikimwanzisha huyu anafunga yule. Kijiwe cha kahawa kiko mbele ya kibanda changu, wakisikia tu nimempanga fulani wanaanza, dada huyo kachoka, dada huyo kocha wake hampendi, basi nashika simu nabadilisha. Naweza nikabadilisha mara nne kabla ya dedilaini, ile saa ambayo kikosi kinafungwa. Na nikiona nimekosea sana nachukua hiti, nakubali kukatwa pointi 4 nimlete mtu mwingine, msimu huu nimehesabu nimechukua hiti 11.

Wiki iliyopita ndo nililia kabisa. Nilijua dedilaini ya Jumamosi ni saa nane mchana kama miezi yote, nikaenda kwenye programu saa saba na nusu, nakuta imefungwa. Kapteni wangu, yule ambaye pointi zake zinazidishwa mara mbili, kabaki yule yule wa nyuma na ni majeruhi, vaisi, anayeshika ukapteni kapteni asipocheza, ni winga wangu wa bei, akaingia dakika ya 78, akapata pointi 1 ikazidishwa mara mbili ikawa 2. Mbili kaka! Shemeji siku hiyo alikuja kula kwetu, sikuweza hata kukaa nao mezani.

Sasa wiki hii. Majina staji sababu wenzangu wa ligi wanakusoma, ntakuelezea tu. Kipa ninae, mabeki watatu, viungo wanne na straika mmoja hao hawana mjadala, wanaanza. Nafasi zimebaki mbili na watu ni wanne. Wa kwanza ni huyo winga wa milioni 8.4 kwa bei ya Fantasy, timu kubwa, wako nyumbani na kitimu kibovu, ila mechi mbili zilizopita kaanzia benchi na Jumanne wana mechi ya Ulaya. Wa pili straika wa timu inayopambana isishuke daraja, anacheza dakika zote 90 na penati anapiga yeye, lakini wanaenda kwa vinara wa ligi. Wa tatu ni yule beki wangu wa kati, naye yuko ugenini kwa timu kubwa. Wa nne straika mwingine, yuko nyumbani na timu ya katikati, ila ana bendera ya njano, yaani kuna shaka ya kuumwa, uwezekano wa kucheza ni asilimia 75. Kuna beki wa milioni 4 pia ila huyo hachezi kabisa, nilimnunua kujaza nafasi.

Kaka nianzishe nani? Na nifanyeje niache hii tabia ya kuhangaika kila Ijumaa?

Dada wa Moro, wa pili kwenye ligi

*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, sababu kuna hesabu umeiandika mwenyewe bila kuiona. Hiti 11. Kila moja 4. Hiyo ni 44, na wewe umeachwa 30. Najua sio zote zilipotea, wapo uliowaleta wakalipa, ila hata kama nusu tu ya zile ungeziacha, leo shemeji angekuwa anakuona mgongoni. Kwahiyo kabla hatujaongelea nani aanze, wiki zote 6 zilizobaki hiti usichukue. Kuna transfa ya bure kila wiki, yaani kubadilisha mchezaji mmoja bila kukatwa pointi, na unaweza kuzitunza mpaka zifike 5, hizo zinakutosha.

Na hizo 30 usiziogope. Gawa kwa wiki 6, unapata 5 kwa wiki, hilo ni goli moja la kiungo. Huhitaji muujiza wala kumpa ukapteni mtu ambaye hata mama yake hamjui, unahitaji kila wiki goli moja zaidi ya shemeji. Mtu aliyeachwa pointi 30 akianza kucheza kama kaachwa 130 ndo anazifikisha 130.

Haya tuje kwa wale wanne, na hapa soma taratibu sababu ndo penye kitu ambacho wachezaji wengi wa Fantasy, hata wa miaka mingi, wanakikosea. Wewe unamuogopa zaidi yule mwenye bendera ya njano. Mimi namuogopa winga.

Sheria unaijua, ila kwa faida ya wengine wanaosoma: una watu 15, wanaanza 11, wanne benchi. Mtu wa benchi anaingia kikosini kwako kwa hali moja tu, aliyeanza asicheze hata dakika moja. Sifuri kabisa. Akigusa uwanja dakika ya 88 akakimbia mara mbili filimbi ikapigwa, ameshacheza, anapata pointi 1 na mlango wa benchi umefungwa. Sasa mwangalie winga wako, kocha wake ana mechi ya Ulaya Jumanne, atafanya nini? Atamweka nje, wakiongoza mbili bila atamwingiza dakika 15 za mwisho apashe misuli. Hiyo ndo pointi 1 uliyoipata wiki iliyopita, tena ile ya ukapteni. Kumbe mwenye bendera ya njano yeye ni mambo mawili, akiwa mzima anaanza, akiwa mgonjwa mara nyingi hata kwenye benchi la timu yake hakai, na asipocheza kabisa mtu wako wa kwanza wa benchi anaingia bila wewe kufanya chochote. Kwahiyo hatari ya njano ina bima, hatari ya winga haina. Hili nimelijifunza kwa kuumia, msimu mzima nilikuwa naanzisha mawinga wa timu kubwa kwa jina tu.

Namba nne aanze basi, kwa sharti moja. Alhamisi na Ijumaa makocha wanaongea na waandishi, sikiliza wa kwake kasemaje. Akisema kafanya mazoezi na wenzake, mwanzishe. Akianza kuzunguka, tutaona, tutaangalia kesho, bado mwanzishe sababu bima unayo. Akisema hayupo, hapo ndo unamtoa. Na vikosi vyenyewe huwa vinatangazwa dedilaini ikiwa imeshapita, kwahiyo usikae unasubiri uhakika, hauji.

Nafasi ya pili nampa beki wako, na najua utashtuka, mbona yuko ugenini kwa wakubwa, goli watafungwa tu. Ndio watafungwa. Ila tangu msimu wa 2025/26 beki akifikisha matendo 10 ya kukaba kwenye mechi moja, yaani kuondosha mpira, kublok, kunasa pasi na kupokonya, anapewa pointi 2, na hizo 10 beki wa kati anazipata wapi kirahisi kama sio kwenye mechi ambayo timu yake imebanwa dakika 90 na krosi zinamiminwa kichwani kwake? Piga hesabu, 2 za kucheza zaidi ya dakika 60, 2 za kukaba, wakifungwa mbili anakatwa 1, anabaki na 3. Wakifungwa nne anakatwa 2, anabaki na 2. Hakuna maajabu ila chini yake pana sakafu, na kona moja tu akiipiga kichwa ikaingia, goli la beki ni 6. Ila kwanza angalia mechi zake tano za mwisho kafikisha hizo 10 mara ngapi, kama ni mara moja au hamna basi maneno yangu hayamhusu, mwanzishe straika wa penati badala yake.

Straika wa penati kama hajaanza anakaa benchi namba moja, na hapo watu wanapuuzia sana. Mpangilio wa benchi ni sehemu ya kikosi! Wa kwanza benchi ndo anaingia wa kwanza, kwahiyo mweke mtu anayecheza dakika 90 bila shaka, maana ukimweka winga wako namba moja na yule wa njano asipocheza, unaletewa ile pointi 1 tena. Straika wa penati kwanza, winga wa pili, yule beki wa milioni 4 wa mwisho. Kwenda kwa vinara ni kugumu kweli, lakini penati haijui kama uko ugenini.

Umeona winga wa milioni 8.4 yuko wapi? Namba mbili benchi. Na hapa nakuja kwenye ugonjwa wenyewe sababu hii ya wiki hii ni homa tu. Wewe unasema shida yako ni kuchagua, mi naona shida ilianzia dukani. Tulipewa milioni 100 za Fantasy za kununulia wachezaji, wote sawa. Ukinunua watu wanne wanaofanana, wote wazuri kiasi, hakuna mwenye uhakika, kila Ijumaa lazima uumie kichwa, na kila Jumapili lazima mmoja wa benchi afunge, haikwepeki, ndo hesabu ilivyo. Mwenye watu 10 anaowaanzisha kila wiki bila kufikiri na nafasi moja tu ya kuchagua anakosea mara moja. Wewe una nafasi mbili za watu wanne, unakosea mara nyingi zaidi hata kama una akili kumzidi. Tumia transfa yako ya bure kumuuza huyo winga, tafuta kiungo wa milioni 6 na kitu ambaye kocha wake hana mtu mwingine wa kumweka, anacheza Jumamosi na Jumatano na kwenye mvua. Hela inayobaki itunze umpandishe straika wiki inayofuata. Ukishamuuza wiki hii hii, huyo mpya anaanza, na yule beki anarudi benchi nyuma ya straika wa penati, na wala usimsikitikie.

Ukiwa unanunua, nafasi aliyopangiwa mchezaji na Fantasy nayo itazame. Msimu wa 2024/25 Brentford walikuwa na Bryan Mbeumo na Yoane Wissa, huyu Wissa wa Kongo. Mbeumo alifunga 20 na Wissa 19, karibu sawa, ila Mbeumo aliandikwa kiungo, goli lake 5, Wissa kaandikwa straika, goli lake 4. Magoli peke yake Mbeumo ni 100, Wissa 76. Timu moja, goli moja limezidi tu, pointi 24 tofauti. Na penati zilikuwa za Mbeumo. Shemeji yako wiki 6 zote anahitaji kuteleza mara moja kwenye kitu kama hicho.

Sasa hili la wiki iliyopita, kufungiwa mlango. Hilo sio uzembe wako kwa sehemu kubwa na wengi huku kwetu limewakuta. Waingereza Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu wanasogeza saa zao mbele, sisi saa zetu hazitikisiki. Dedilaini ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya gemuwiki. Mechi yao ya Jumamosi ya saa sita na nusu mchana, wakati wa baridi yao dedilaini kwetu inaangukia saa nane mchana, ndo uliyoizoea tangu mwezi wa kumi na moja. Saa zikisogezwa inakuwa saa saba. Na kama gemuwiki inaanza Ijumaa usiku ndo kabisa, kwa sasa ni saa mbili na nusu usiku, mtu yuko anakula. Usikariri, kila Jumatatu fungua uangalie imeandikwa saa ngapi.

Na ukapteni. Kapteni wako mpe mfungaji wako bora akiwa na mechi nzuri, hata kama shemeji kampa huyo huyo. Najua roho inakutuma umpinge, lakini mkiwa na kapteni mmoja pointi zake zinafutana, hakuachi, na wewe unabaki na wachezaji wengine wa kumpita. Ukimkwepa halafu akafunga matatu umemaliza msimu siku hiyo. Kumbuka Erling Haaland msimu wa 2022/23 na yale magoli 36, au Mohamed Salah 2024/25, magoli 29, asisti 18, pointi 344, kila aliyejifanya mjanja akawakimbia alikuwa analia. Na bado Salah huyo huyo, mwezi wa nne 2025, Liverpool walienda Fulham wakafungwa 3-2 na goli hakufunga. Waliompa ukapteni siku ile walikosea? Hapana. Walifanya sawa, mpira ukakataa. Vaisi ndo awe mtu wa dakika 90, asiye na Ulaya Jumanne, usirudie kumpa winga wa kuingia sabu.

Hapo kwenye Salah ndo nataka ukae kidogo mdogo wangu, sababu naona kinachokuumiza zaidi ya pointi. Ule mfano wako wa beki, wiki ya kwanza ulimweka nje akapata 15, ukajiita mjinga, ya pili ukamwanzisha akapata 1, ukajiita mjinga tena. Sasa lipi lilikuwa kosa? Mi naona la kwanza halikuwa kosa hata kidogo, la pili ndo lilikuwa kosa, sio kwa kuwa alipata 1, ni kwa kuwa ulimwanzisha kwa sababu ya goli la wiki iliyopita, na goli la wiki iliyopita limeshaenda na wiki yake. Cole Palmer Septemba 2024 aliwafunga Brighton manne kipindi cha kwanza, nakumbuka watu walivyokimbilia kumnunua kesho yake kana kwamba yale manne yatahesabiwa tena. Chukua daftari la kibandani, Ijumaa andika umemwanzisha nani na kwanini, sentensi moja moja. Jumatatu soma ile sababu kwanza, ndo uangalie pointi. Ukiona sababu ilikuwa nzuri pointi zikakosekana, funga daftari ulale, na mume wako naye alale.

Wale wa kijiwe, kahawa kunywa nao, stori piga nao, simu usiwaonyeshe. Kikosi kipange Ijumaa jioni ukishafunga hesabu za kibanda, wewe peke yako, na kuanzia hapo kitu kimoja tu ndo kinaruhusiwa kukigusa, habari kamili kwamba mtu kaumia au hayupo. Mtu kusema "kachoka" sio habari. Na shemeji akija kula kaa nao mezani, tena umuulize yeye wiki hii kampa nani uvaisi, watu wakiwa wanaongoza wanaongea sana.

Jumamosi kama ratiba haijabadilika mlango unafungwa saa saba mchana. Weka alamu saa tano asubuhi, angalia bendera ya yule straika kama bado ni njano, halafu weka simu chini uhudumie wateja.